Mganga Hajigangi, Wala Msitu Haujilindi

Wahenga walinena kwamba usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Methali hii nimeisikia tangu utotoni, lakini maana yake sikuifahamu barabara mpaka usiku mmoja wa masika ya mwaka 1984, mwana wa dada yangu alipopandwa na homa kali hata viungo vikakakamaa na macho yakageuka meupe. Mtoto alikuwa na umri wa miaka miwili. Nyumba nzima ilipiga kelele kwa sauti moja: “Degedege! Mtoto kaingiwa na nyuni!”

Msomaji wa Pwani hahitaji kuelezwa nyuni ni kitu gani. Ni yule ndege wa mashaka ambaye wazee wetu wengi waliamini kwamba hupita juu ya nyumba usiku na kumtwaa mtoto. Dawa yake, kwa imani hiyo, ni mafusho na hirizi, na mwiko mkubwa ni kumpeleka mtoto hospitali, kwani wakisema kuwa akidungwa sindano tu, basi roho yake hukatika papo hapo.

Nyumbani kwetu palikuwa na mganga. Mama yake mama alikuwa mkunga na mjuzi wa miti-shamba, mzaliwa wa Kusini, huko upande wa Gazi na Kinondo, na mtaa mzima ulimwita Bibi. Wote tulimtazama yeye. Jirani mmoja alikwisha kuleta chetezo na makaa. Bibi alimwekea mtoto kiganja kifuani, akamtazama weupe wa ulimi, akamfunua kope na kuona namna damu ilivyokauka. Kisha akasema maneno ambayo hayajanitoka masikioni mpaka leo: “Huyu si wangu. Huyu ni wa hospitali. Tafuteni gari, na njiani mfuteni maji.”

Jirani alishtuka. “Bibi, wewe ndiwe wa kusema hivyo?”

“Mie ndimi,” akajibu. “Mganga asiyejua mwisho wa dawa yake ni muuaji.”

Tulimpeleka. Mtoto alitundikiwa maji ya mshipa yenye kwinini, na siku ya tatu, kwa rehema za Mwenyezi Mungu, aliomba uji. Siku ya saba alirudi nyumbani akipiga mateke.

DAWA MBILI, SHINA MOJA

Miaka mingi nilidhani kwamba usiku ule hospitali ilimshinda Bibi. Nilikuwa kijana wa shule, na vijana wa shule wakati ule tulikuwa tukiona haya kwa mizizi na magome ya wazee wetu. Nilipokua na kusoma zaidi ndipo nilipong’amua kosa langu. Ile kwinini iliyomwokoa mtoto wetu ilitoka wapi? Ilitoka katika gome la mti! Mti huo waitwa sinkona, na asili yake ni milima ya Andes, huko Amerika ya Kusini. Wenyeji walilijua gome lake, mapadri wa Kizungu wakalipeleka Ulaya katika karne ya 17, na mnamo mwaka 1820 wanakemia wawili wa Kifaransa, Pelletier na Caventou, wakaweza kuitenga ile dawa yenyewe kutoka gome hilo. Kwa hiyo Bibi hakushindwa na kitu kigeni. Dawa ya mti ilisaidiwa na dawa ya mti, ila ile moja ilikuwa imepimwa kiasi chake, na nyingine bado.

Habari haikuishia hapo. Baada ya miaka mingi ya kutumiwa, klorokwini, dawa iliyokuwa mkombozi wa malaria, ilianza kushindwa nguvu na vijidudu. Hapa Kenya iliondolewa katika nafasi ya kwanza mwaka 1998, na mwaka 2004 serikali ikaamua kutumia dawa za mchanganyiko zenye artemisini. Na hiyo artemisini ni nini? Ni dawa iliyotolewa katika mmea wa Kichina ambao Wachina wameutumia kwa homa tangu kale. Bibi mmoja mwanasayansi, Tu Youyou, alipewa kazi ya kutafuta dawa ya malaria. Yeye na wenzake walipitia mamia ya maagizo ya zamani. Mmea huo walipouchemsha, nguvu yake ilipotea. Ndipo aliporudia kitabu cha tabibu Ge Hong wa karne ya 4, akakuta kwamba tabibu yule hakuagiza kuchemsha bali kuroweka majani katika maji na kuyakamua. Tu Youyou akafahamu kwamba moto ndio ulioiua dawa. Akatumia njia isiyo na joto kali, na katika mwaka 1971 akafanikiwa. Mwaka 2015 alitunukiwa nishani ya Nobel.

Tazama basi, msomaji, jambo hili lilivyo na mafunzo. Hekima ya kale peke yake haikutosha, maana ilikaa kitabuni zaidi ya miaka 1,600 bila ya kuwa kidonge. Na sayansi peke yake haikutosha, maana ilikuwa ikichemsha kisichotakiwa kuchemshwa. Vilipokutana viwili hivyo, ndipo watu wakapona kwa mamilioni.

Wala sisi Waislamu hatupaswi kuliona jambo hili kuwa geni. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, aliwahimiza watu wajitibu, akawafahamisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuleta maradhi ila ameyaletea na dawa yake, isipokuwa uzee. Wanazuoni wetu waliyachukua mafundisho haya kwa vitendo. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliandika kitabu chake cha Qanuni ya Tiba ambacho kilitafsiriwa kwa Kilatini katika karne ya 12 na kusomeshwa Ulaya mpaka karne ya 17. Naye Ibn al-Baytar, mzaliwa wa Malaga huko Andalusia, alisafiri nchi hata nchi akiokota majani na kuuliza wenyeji, na kabla ya kufa Damascus mwaka 1248 alikwisha kuandika habari za dawa na vyakula zaidi ya elfu moja. Hawa hawakudharau ajuza wa kijijini wala hawakumwamini bila ya kupima. Waliuliza, wakaonja, wakapima, wakaandika.

MWAROBAINI: RAFIKI MWENYE UKALI

Katika miti yote ya hapa Pwani, hakuna uliopewa sifa kama mwarobaini. Jina lake lenyewe latokana na imani kwamba huponya maradhi arobaini. Lakini ni wangapi kati yetu wajuao kwamba mti huu si wa hapa? Asili yake ni Bara Hindi na Burma, nao ulivuka bahari kama walivyovuka wengi wetu, ukapata ardhi na ukawa mwenyeji.

Faida zake si porojo. Mbegu zake zina kiini kiitwacho azadiraktini, ambacho huwazuia wadudu kula na kuwavuruga wasiweze kujivua gamba na kukua. Mkulima aponda mbegu, aziroweka usiku kucha, achuja maji asubuhi na kunyunyizia mboga zake, bila ya kununua sumu ya dukani ambayo huua hata nyuki. Mti wenyewe hustahimili ukame, na kivuli chake katika jua la Januari ni neema tupu.

Tena mti huu umeuokoa mwenzake. Wachongaji wa vinyago vya kuwauzia watalii walikuwa wameushambulia muhugu, ule mti mgumu uotao polepole katika msitu wa Arabuko-Sokoke, hata ukawa haba. Tangu miaka ya 1990 wachongaji wengi wamefundishwa kutumia mwarobaini na mwembe, miti ambayo hupandwa na kukua upesi. Kila kinyago cha mwarobaini ni muhugu mmoja ulioachwa umesimama.

Hata hivyo, sifa zisitupofushe. Mwarobaini una ukali wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, madaktari wa Malaysia waliripoti watoto wachanga waliodhurika vibaya baada ya kunyweshwa mafuta ya mwarobaini. Walitapika, wakasinzia, wakapatwa na degedege, na wengine wakafa. Mama mjamzito naye hashauriwi kuunywa. Bibi, ambaye hakusoma jarida lolote la madaktari, alikuwa na kanuni yake: mwarobaini ni wa kuogea mtoto mwenye ukurutu, si wa kumnywesha. Na katika misitu, wataalamu wameuhesabu mwarobaini miongoni mwa miti migeni inayojisambaza yenyewe, kwani ndege na popo hula matunda yake na kuangusha mbegu mahali ambapo miti ya asili ingeota. Basi panda mwarobaini uani kwako, lakini usiupeleke msituni.

Maonyo haya si ya mwarobaini peke yake. Asali, ambayo Qurani imeitaja kuwa ina shifaa kwa watu, madaktari hutuonya tusimpe mtoto asiyetimiza mwaka mmoja, maana tumbo lake halijaweza kuzishinda mbegu za sumu ambazo pengine huwamo. Na sote tunakumbuka mwaka 2011, watu kwa maelfu, na miongoni mwao Wakenya, walipomiminika Samunge, Loliondo, nchini Tanzania, kunywa kikombe kimoja cha dawa ya mizizi kwa shilingi 500 za huko. Wako waliokata roho foleni ingali ndefu mbele yao. Na wako walioacha dawa zao za hospitali kwa kudhani wamepona, kumbe sivyo. Mti haukuwa na hatia. Hatia ilikuwa ni ile pupa yetu ya kutaka dawa moja imalize maradhi yote.

KISIKI CHA MBAMBAKOFI

Sasa nirudi kwa Bibi. Nilipokuwa mdogo, alipata kunichukua kwao wakati wa likizo, na alfajiri tungetoka kwenda kuchimba dawa. Palikuwa na mbambakofi mmoja mkubwa nje ya kijiji, ambao mzizi wake aliutumia. Nilimwona akisoma Bismillahi, akizunguka mti mzima kwanza, kisha akichimba upande mmoja tu. Alikata mzizi mmoja mwembamba, akafukia shimo na kulikanyaga kwa nyayo mpaka udongo ukashikamana. Nikamwuliza kwa nini hakuchukua mingi ili tusirudi tena.

“Mjukuu wangu,” akaniambia, “mti huu ulimpa babu yangu, ukampa baba yangu, na mie wanipa. Nikiutoa mizizi yote leo, wewe utachimba wapi?”

Wakati ule niliona ni maneno ya wazee tu. Bibi alikwisha kutangulia mbele ya haki. Majuzi nilikwenda huko kumzuru mjomba mgonjwa, nikapata hamu ya kuutazama mti ule. Niliukuta kisiki. Wenyeji walinieleza kwamba ulianza kubambuliwa gome kidogo kidogo na watu wasiojulikana, wajao na magunia kwa ajili ya biashara ya dawa mijini, hata siku moja gome likatolewa kuuzunguka mti wote. Mti uliotolewa gome pande zote hauna uhai tena, kwa sababu chakula kinachotengenezwa na majani hupita katika gome kwenda mizizini. Mizizi ilipokosa chakula, mti ukakauka kwa miguu yake. Kisha waliokuja nyuma wakamaliza kwa msumeno, maana mbambakofi ni mbao nzuri ya milango na samani.

Nilisimama pale kwa muda. Mti uliotibu vizazi vinne ulikuwa umeuawa kwa jina la tiba!

Na hayo si ya huko tu. Mwaka 1986 ilibidi serikali ipige marufuku uvunaji wa mishubiri ya mwituni, kwa jinsi ilivyokuwa ikikatwa ovyo ili utomvu wake wa shubiri uuzwe ng’ambo. Mti wa milimani uitwao kitaalamu Prunus africana, ambao gome lake hutengenezewa dawa ya tezi la wanaume waliokwisha kuwa watu wazima, ulibambuliwa katika nchi nyingi za Afrika hata mwaka 1995 biashara yake ikawekwa chini ya ulinzi wa mkataba wa kimataifa. Na mwaka 2022, si mbali na sisi, mibuyu ya Kilifi iling’olewa mizima mizima ipelekwe ng’ambo kupamba bustani huko Georgia, mpaka Rais akaamuru jambo hilo lichunguzwe. Mbuyu huishi karne nyingi. Aliyeuza aliuza kitu ambacho hakukipanda, na ambacho hata kitukuu chake hangeweza kukirudisha.

MAKAYA: KUABUDU AU KUHIFADHI?

Hapa ndipo nitakapogusa jambo ambalo najua baadhi ya wasomaji watalikunjia uso. Pale Kusini, karibu na Diani, uko msitu mdogo wa Kaya Kinondo, ulioota juu ya miamba ya matumbawe, mita chache tu kutoka baharini. Hoteli zimejaa kushoto na kulia, lakini msitu ungali umesimama. Umesimama kwa sababu wazee wa Kidigo wameulinda. Mgeni haingii mpaka afungwe kaniki nyeusi kiunoni, wala hatoki na kitu, hata jani kavu. Tangu mwanzo wa miaka ya 2000, wenyeji wamekuwa wakiwatembeza wageni kwa utaratibu huo na kujipatia riziki bila ya kukata tawi.

Makaya ni mahame ya miji ya Wamijikenda iliyozungukwa na misitu, ambayo historia yake inarudi nyuma mpaka karne ya 16. Idara ya Makumbusho ya Taifa iliunda kitengo maalumu cha kuhifadhi misitu ya Pwani mwaka 1992, na tangu mwaka huo makaya yakaanza kutangazwa kuwa kumbukumbu za taifa. Mwaka 2008 UNESCO iliyaingiza makaya kadhaa, yaliyotapakaa katika masafa ya kilomita 200 hivi za Pwani, katika Urithi wa Dunia. Sababu haikuwa uzuri wa mandhari peke yake. Katika vipande hivyo vidogo vya msitu imebakia miti na mimea ambayo pengine pote imekwisha kufyekwa.

Nimesikia kwa masikio yangu kijana mmoja, kanzu yake safi na nia yake bila shaka njema, akisema barazani kwamba misitu ya makaya ni masalio ya ushirikina na yafaa ikatwe. Wadigo walio wengi ni Waislamu kama sisi, na wao wenyewe wamekuwa na mjadala huu kwa miaka. Mimi si shekhe, wala sitoi fatwa. Kuomba mzimu si dini yetu, na mambo hayo yana wenyewe wa kuyaeleza. Lakini namwuliza kijana yule: mti una kosa gani? Hivi mtu akisujudia jiwe, tutavunja milima yote?

Na tukitazama mafunzo yetu wenyewe, tutakuta kwamba kuuwekea mwitu mipaka si bidaa. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliifanya Madina kuwa haram, miti yake isikatwe na wanyama wake wasiwindwe. Uislamu unajua kitu kiitwacho hima, yaani ardhi iliyotengwa kwa maslahi ya wote, isivamiwe na mtu mmoja. Sayyidna Abubakar alipotuma jeshi, aliwakataza askari kukata miti yenye matunda, na ile ilikuwa ni vita! Sisi tulio katika amani tuna udhuru gani?

Ndugu zetu wa Pemba wametupa mfano. Magharibi ya kisiwa hicho, upande wa Chake Chake, kiko kisiwa kidogo cha Misali. Wazee husimulia kwamba Nabii Khidhri alifika hapo, akaomba msala wa kusalia, na alipokosa akasema kisiwa chenyewe kimeelekea kibla, basi nacho ni msala wake. Wavuvi kwa maelfu hupata riziki katika bahari ya hapo, na baruti na nyavu haramu zilikuwa zimeanza kuharibu matumbawe. Mwaka 1998 pakatangazwa kuwa hifadhi. Tena wavuvi na maimamu wakapewa mafunzo yaliyotokana na Qurani juu ya uangalizi wa viumbe, kwa sababu iligundulika kwamba amri za serikali huingia sikio hili na kutokea la pili, lakini neno la msikitini hukaa moyoni.

MIKOKO NAYO NI TIBA

Mtu akisikia neno tiba, hufikiria chupa na kijiko. Bibi hakuwa na fikira hizo. Kwake yeye, maji ya kisima yakiwa safi, samaki akiwa mbichi, hewa ikiwa haina moshi, hiyo ilikuwa nusu ya uganga. Kila jioni alikuwa akifukiza majani ya kivumbasi chumbani, nasi tukilalamika kwa harufu. Wachunguzi wa wadudu hapa nchini wamekwisha kuthibitisha kwamba mimea ya jamii hiyo ya mrihani hufukuza mbu. Chandarua ni bora zaidi, na kila mtoto alale ndani yake, lakini bibi yule hakuwa akicheza.

Ukitoka kwao Bibi kwenda pwani, utaikuta mikoko ya Gazi. Mikoko ina wenyewe na majina yao: mkoko wenyewe, mchu, mkandaa, muia, mlilana na mkomafi. Ndiyo iliyotupa boriti za nyumba zetu za mawe, na majahazi yalizichukua hadi Arabuni mpaka serikali ilipozuia biashara hiyo ya nje mwanzoni mwa miaka ya 1980. Katika mizizi yake samaki na kamba huzalia, na mawimbi huvunjika nguvu kabla ya kufika vijijini. Panapokatwa mikoko, mvuvi hurudi na tenga tupu, na mtoto wake hupungukiwa na chakula kijengacho mwili. Je, maradhi ya mtoto huyo yameanza tumboni au yameanza mikokoni?

Watu wa Gazi na Makongeni walilijua hilo. Tangu mwaka 2013, kwa mpango uitwao Mikoko Pamoja, wanalinda hekta 117 za mikoko na kupanda mingine. Mikoko huvuta hewa ya ukaa na kuifungia udongoni, na kwa kazi hiyo wanakijiji hulipwa fedha kutoka ng’ambo. Fedha hizo wamezitumia kwa maji safi ya kunywa na kwa shule za watoto wao. Mikoko iliyosimama imewaletea maji mabombani, na maji safi ndiyo dawa ya kuhara na kipindupindu. Hapo ndipo msitu na afya hushikana mikono waziwazi.

TUFANYEJE BASI?

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 imeitambua tiba ya asili hapa Kenya, na mwaka 1978 mkutano mkuu wa afya wa Alma-Ata ulikwisha kusema kwamba waganga wa jadi wana nafasi yao penye haja. Kutambuliwa si ruhusa ya kudanganya. Mtu akibandika tangazo kwenye nguzo ya stima kwamba anatibu kisukari, anarudisha mume na kuvuta mali kwa dawa moja, mjue kwamba huyo si mrithi wa Bibi. Bibi hakuwa na tangazo, na alijua kusema “huyu si wangu.”

Mgonjwa wa homa apimwe damu kwanza. Anayemeza vidonge vya hospitali amweleze daktari wake kila jani analokunywa, kwa maana dawa mbili zaweza kupigana tumboni. Na daktari naye asimkaripie mgonjwa kwa kutaja mizizi, kwani akimkaripia leo, kesho atafichwa. Yule anayechimba dawa achimbe upande mmoja na afukie. Majani yakitosha, mzizi uachwe. Na aliye na ua, hata wa futi kumi kwa kumi, apande. Mkunazi, ambao majani yake huoshea maiti zetu, umekuwa wa kutafutwa kwa tochi katika mitaa mingine ya mji. Ni aibu kwa umma mzima kukosa jani la kumwoshea mzee wao.

Yule mtoto wa degedege sasa ni mama wa watoto watatu. Nilipomsimulia habari ya kisiki, hakusema neno. Baada ya wiki mbili alinipigia simu niende kwake. Alikuwa amepata kokwa za mbambakofi kwa mzee mmoja mwenye shamba huko Kusini, zile nyeusi zenye kofia nyekundu, akaziotesha katika makopo ya samli barazani. Tatu zilikuwa zimetoa majani mawili mawili.

“Mjomba,” akaniuliza, “itachukua muda gani mpaka iwe mti?”

Nikamwambia kweli, kwamba mbambakofi hauna haraka, na kwamba mimi sitakaa kivulini pake, na huenda hata yeye asikae. Akacheka. Akanikumbusha mafundisho tuliyosomeshwa chuoni sote, kwamba hata Kiyama kikisimama na mmoja wetu ana mche mkononi, kama aweza kuupanda na aupande. Na kwamba akilapo ndege, mtu au mnyama katika ulichokipanda, basi hiyo ni sadaka yako.

Mche mmoja amenipa mimi. Mvua za masika zikianza, inshallah, nitaupeleka kando ya kile kisiki.